Povu Ndani ya Kanzu: Mashine Kuukuu ya Kufulia na Tohara ya Nguo Zetu

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeyateremsha maji kutoka mawinguni yakawa uhai na tohara kwa waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Mpenzi msomaji, siku moja baada ya darsa la Alasiri alinijia mama mmoja mtu mzima, akaniomba faragha. Mwanawe alikuwa amenunua mashine ya kufulia iliyokwishatumika, ile ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Aliinunua ili kumpunguzia kazi mkewe, ambaye ana mtoto mchanga. Miezi minne ikapita. Siku moja yule mama alikuwa akitia udhu, mkono wa baibui lake ukaroa, na alipoukamua ukatoa povu.

"Sheikh," aliniambia, "nguo itoayo povu haijatakata, na nguo isiyotakata haisaliwi. Tangu siku ile nafua zangu kwa mkono. Lakini swala za miezi minne nimezisali na nguo zilizotoka katika mashine ile, pamoja na nepi za mtoto. Je, nizilipe zote?"

Nikaona kuwa swali hili si la mama huyu peke yake. Mashine kuukuu zimeenea majumbani mwetu, na ndani ya swali lake yamo mambo matatu yaliyofungamana: hukumu ya povu, hukumu ya najisi, na namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Asiyeyatenganisha huishia ama katika kupuuza, ama katika wasiwasi. Na yote mawili ni maradhi.

Povu si najisi

Tuanze na lililo jepesi. Sabuni ni kitu twahara. Nguo iliyofuliwa ikabakiwa na sabuni kidogo ni nguo twahara yenye sabuni, kama vile nguo iliyomwagikiwa chai ni nguo twahara yenye doa. Mwenye kuisalia swala yake ni sahihi. Povu linaloonekana katika mkono wa baibui halithibitishi kuwepo kwa najisi hata kidogo.

Hata hivyo, sabuni iliyobakia haikosi madhara. Nguo hukakamaa, vitambaa vyeusi huota madoa meupe, taulo hupoteza uwezo wa kunyonya maji, na mwenye ngozi nyepesi hupata mwasho. Mtoto mchanga, ambaye ngozi yake ni laini na hawezi kusema kinachomsumbua, ndiye wa kwanza kuumia. Kwa hiyo kusuuza vizuri ni katika haki za watu wa nyumbani, hata pale ambapo swala haina tatizo.

Ama pale nguo inapokuwa na najisi, kama mkojo, choo au damu, hapo sabuni inaingia katika hukumu kwa mlango mwingine. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tumelelewa nayo, kinachoondoa najisi ni maji mutlaki, yaani maji yaliyobaki na jina lake la maji. Maji yaliyogeuzwa sana na sabuni ni twahara, lakini hayatwaharishi. Mabadiliko madogo, yasiyoyaondolea jina la maji, hayadhuru. Maana yake ni kwamba maji mazito ya sabuni hung'oa uchafu, kisha maji safi yanayofuata ndiyo yanayotwaharisha. Kusuuza ndiko kunakokamilisha kazi.

Jambo hili lina mfano wake katika Sunna. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na binti yake, aliwaelekeza akina mama waliomwosha, miongoni mwao Ummu Atiyya (R.A.), wamwoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi. Mkunazi ulikuwa sabuni ya zama zile. Mafakihi wa Kishafi wakafafanua kuwa uoshaji wa mkunazi hauhesabiwi peke yake. Huondolewa kwanza, kisha huhesabiwa ule wa maji safi yanayofuata.

Mashine ya zamani husuuzaje?

Tukija kwenye chombo chenyewe, ni lazima tujue kuwa neno "mashine ya zamani" linakusanya vyombo vya aina tofauti, na kila kimoja kina tabia yake.

Aina ya kwanza ni hiyo ya matangi mawili. Haifanyi lolote bila mkono wa mtu. Mwenyewe hutia maji, hufua, humwaga, kisha huzihamishia nguo katika tangi dogo la kukamulia. Nyingi zina namna ya kusuuza kwa kufurika, ambapo maji ya bomba humiminika juu ya nguo, na yanapojaa hutoka kwa njia ya juu yakibeba povu. Nyingine huruhusu maji kumiminwa juu ya nguo ndani ya tangi la kukamulia. Mashine hii inaweza kusuuza vizuri kuliko zote au vibaya kuliko zote, kwa kuwa uamuzi ni wa mfuaji.

Aina ya pili ni ile ya kufunguliwa juu, yenye nguzo ya kati inayozungusha nguo, iliyopendwa sana Marekani. Hujaza pipa kwa maji mengi, na mzunguko mmoja waweza kutumia lita 150. Lakini nyingi husuuza kwa maji mengi mara moja tu. Baadhi ziliundwa hata kuhifadhi maji ya sabuni ya fuo la kwanza ili yafulie fuo la pili. Hiyo ni akiba nzuri kwa nguo za vumbi na jasho, lakini ni hatari kwa tohara iwapo fuo la kwanza lilikuwa na nepi.

Aina ya tatu ni ile ya mlango wa mbele, mashuhuri Ulaya. Zile za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia maji mengi, nyingi zikifikia lita 100 au kuzidi, na zilisuuza mara tatu, nne au zaidi. Za leo hutumia takriban lita 50 tu. Katikati ya miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulianza kuzipanga mashine hizi kwa daraja za matumizi ya umeme, ubora wa kufua na nguvu ya kukamua. Kusuuza hakukupewa daraja, na watengenezaji wakazidi kupunguza maji. Ni mwaka 2021 tu ambapo kanuni mpya za Umoja huo zilianza kuweka kikomo cha sabuni inayobakia, kwamba isizidi gramu 5 kwa kila kilo moja ya nguo.

Basi wale wasemao kuwa mashine za zamani zilisuuza vizuri zaidi wana sehemu ya ukweli, kwa sababu ya wingi wa maji. Lakini nyingi kati yake zilikamua kwa udhaifu, ilhali za sasa hukamua kwa kasi kubwa. Na kukamua, kama tutakavyoona, ni nusu ya kusuuza.

Hesabu ya ndoo na beseni

Msomaji wangu, chukua mfano huu. Nguo zimefuliwa, maji yamemwagwa, lakini ndani ya nyuzi zake zimebaki lita 10 za maji ya sabuni. Una lita 90 za maji safi. Ukizimimina zote kwa mara moja, utakuwa na lita 100, na ukishamwaga, nguo zitabaki na lita 10, yaani sehemu moja ya 10 ya sabuni.

Sasa zigawe lita hizo hizo 90 mara tatu, lita 30 kila mara. Mara ya kwanza lita 10 zinachanganyika na 30, inabaki robo ya sabuni. Mara ya pili inabaki robo ya robo, yaani sehemu moja ya 16. Mara ya tatu inabaki sehemu moja ya 64. Maji ni yale yale, lakini sabuni iliyobaki ni pungufu zaidi ya mara sita.

Ongeza jambo moja: zikamue nguo vizuri kabla ya kuanza kusuuza na baada ya kila maji, zibaki na lita 3 badala ya 10. Hapo kila mara inabaki sehemu moja ya 11 tu, na baada ya mara tatu inabaki sehemu moja ya 1,331. Kwa uhalisia sabuni nyingine hung'ang'ania nyuzi, hivyo hesabu haitatimia kwa ukamilifu huo, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Hebu tuitazame hesabu hii pamoja na yale tuliyofunzwa madrasa. Kwa najisi ya kati isiyo na dhati inayoonekana, Mashafi wanasema kuosha mara moja ni wajibu na mara tatu ni sunna. Mahanafi wanasema ioshwe mara tatu na kukamuliwa kila mara. Siwezi kudai kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa sababu ya hukumu, kwani ibada tunaipokea kama ilivyokuja. Lakini mwanafunzi wa sayansi akiyatazama haya atakuta kuwa maji kidogo yaliyogawanywa na kukamuliwa yanashinda maji mengi yaliyomwagwa kwa pupa. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano.

Maji yaje juu ya nguo

Sasa tuje kwenye nepi, ambazo ndizo zilizomtia mama yetu hofu. Katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyo chini ya kulateni ni maji machache, nayo hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama rangi, ladha na harufu havikubadilika. Kulateni hukadiriwa na wengi wa zama hizi kuwa takriban lita 200. Hakuna tangi la mashine ya nyumbani linalofikia kiasi hicho. Kwa hiyo mtu akijaza tangi maji, kisha akatumbukiza nepi yenye mkojo pamoja na kanzu, kwa kauli iliyo mashuhuri maji yote yamenajisika, na kila kilichomo kimenajisika pamoja nayo.

Lakini maji yakija juu ya nguo, yakaipitia na kuondoka bila kubadilika, na dhati ya najisi ikawa imekwisha, nguo imetwaharika. Hii ndiyo tofauti ambayo vitabu vyetu vinaieleza baina ya maji yanayoijia najisi na maji yanayojiwa na najisi. Asili yake imo katika kisa cha bedui aliyekojoa msikitini. Mtume (S.A.W.) aliwakataza Masahaba wasimkemee, kisha akaamrisha ndoo ya maji imiminwe mahali pale.

Wenzetu Wamaliki wana wasaa zaidi. Kwa kauli yao mashuhuri maji hayanajisiki ila yakibadilika. Imam al-Ghazali, pamoja na kuwa ni nguzo ya Mashafi, aliandika katika Ihyaa kuwa alitamani lau madhehebu yake yangekuwa kama ya Malik katika suala la maji, kwa kuona uzito unaowapata watu. Nalitaja hili ili mwenye dhiki ajue kuwa dini yake ina nafasi, si ili tupuuze.

Njia nyepesi inayomtoa mtu katika khitilafu yote ni hii: najisi iondolewe kabla ya kufika kwenye mashine. Choo kikung'utwe, nepi ishikwe chini ya bomba au imiminiwe maji kwa kata mpaka dhati iishe na maji yatoke safi, kisha ikamuliwe. Bibi Asmaa bint Abubakar (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu damu ya hedhi iliyoingia nguoni. Akamwelekeza aikwangue, kisha aisugue kwa maji, kisha aisuuze, ndipo aisalie. Ni hatua kwa hatua: dhati kwanza, kisha kusugua, kisha maji ya mwisho. Na rangi ya damu iliyogoma kutoka baada ya juhudi imesamehewa. Nguo ikishatwaharika namna hii, mashine inabakiwa na kazi ya kuondoa jasho na vumbi tu.

Namna ya kuitumia mashine kuukuu

Nilikwenda nyumbani kwa mama yule pamoja na kijana fundi wa mtaani, tukaitazama mashine ikifanya kazi. Yafuatayo tuliyaona pale, na mengine fundi alitueleza kutokana na uzoefu wake.

Kwanza, sabuni ilikuwa nyingi mno. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutengenezwa ili itoe povu jingi, na wengi wetu tunadhani povu ndilo usafi. Ndani ya mashine povu jingi huzuia nguo zisisuguane, huisumbua pampu, na hubaki pipani likisubiri maji ya kusuuzia. Kwa mashine ya mlango wa mbele itumiwe sabuni maalumu yenye povu dogo. Kwa ya matangi mawili, punguza kipimo mpaka povu liwe jepesi.

Pili, nguo zilikuwa zikihamishwa kutoka kwenye sabuni hadi kwenye maji ya kusuuzia bila kukamuliwa, na maji yale yale yalisuuzia mafuo mawili. Fuo la pili lilikuwa likisuuzwa katika sabuni ya fuo la kwanza. Zikamuliwe kwanza, kisha zisuuzwe mara mbili au tatu kwa maji mapya, na kukamuliwa kila mara. Anayefua kwa mashine ya kufunguliwa juu airudie hatua ya kusuuza mara ya pili.

Tatu, tangi lilijazwa kupita kiasi. Maji hayapiti katika nguo zilizoshindiliwa. Nguo zikipungua kwa robo, maji hupata njia.

Nne, chujio la pampu lilikuwa limeziba kwa nyuzi na mchanga, na mkanda wa mota umelegea. Pampu dhaifu huacha maji ya sabuni chini ya pipa, nayo huchanganyika na maji safi. Chujio la mdomo wa mpira wa kuingizia maji nalo lisafishwe, hasa kwa nyumba zinazotumia tangi la juu ambalo presha yake ni ndogo.

Tano, yaangaliwe maji yenyewe. Maji ya visima vya mwambao yana chokaa nyingi, na sabuni ya mche hugandana nayo ikaacha utando wa kijivu ambao watu huudhania kuwa ni uchafu. Sabuni ya unga huvumilia chokaa zaidi. Na unga usioyeyuka vizuri katika maji baridi uyeyushwe kwanza katika ndoo.

Sita, ole wa uzembe. Tangi la kukamulia la mashine kuukuu mara nyingi breki yake imechakaa, nalo huendelea kuzunguka kifuniko kikiwa wazi. Mtoto asikaribie, na mtu asitie mkono mpaka litulie kabisa. Mashine ichomolewe kwenye umeme kabla ya kuguswa kwa matengenezo.

Anayetaka kujua kama nguo imesuuzika, achukue moja iliyokwisha kukamuliwa, aitie katika beseni la maji safi, aifikiche kwa mkono. Povu jepesi linalopotea upesi halina neno. Povu linalosimama na kubaki, nguo na irudi majini. Ajaribu mara moja au mbili mpaka aijue mashine yake, kisha aache. Asiwe kila siku na beseni, kwani huo ndio mlango wa shetani wa wasiwasi.

Jibu la swali

Tulipomaliza, nilimuuliza yule binti, mkaza mwana wa mama, kuhusu nepi. Alinijibu kwa haya huku akitazama chini: "Sheikh, nepi huziosha bombani kila alfajiri kabla sijazitia mashinenin. Huzimiminia maji mpaka yatoke meupe. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu."

Mama mkwe hakuwa akijua. Wakati huo huwa msalani kwake, kwenye nyiradi. Kwa miezi minne mkwewe alikuwa akiilinda tohara ya nyumba nzima kimya kimya, naye alidhani anapuuza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Binti akajibu, "Mama, hukuniuliza."

Nikamwambia mama kuwa swala zake zote ni sahihi, wala halipi hata moja. Kanuni ya mafakihi ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Nguo zake asili yake ni twahara, hakuna aliyeiona najisi ndani yake, na povu si dalili ya najisi. Hata lau hali ya nepi isingejulikana, shaka tupu isingezibatilisha swala za miezi minne.

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu (S.W.) alimwamrisha Mtume Wake kuzitwaharisha nguo zake katika Suratul Muddaththir, miongoni mwa sura za mwanzo kabisa kuteremshwa. Amri hiyo tunaitekeleza kwa elimu na kwa maji kidogo yaliyotumiwa vizuri. Mashine kuukuu yaweza kutufaa, ilimradi anayeitumia anajua inakoishia kazi ya sabuni na inakoanzia kazi ya maji. Na ndani ya nyumba zetu, kabla ya kuhukumiana, tuulizane.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu kama tunavyozitakasa nguo zetu, azipe nyumba zetu mapenzi na kusikilizana, na azikubali swala zetu. Amin.

Wallahu a'alam.